Tathmini: Scania 113 ya skeli 1/24 kutoka karakana ya Mwanjelwa, Mbeya

Karakana ninayoitathmini hapa haina kibao mlangoni. Iko nyuma ya maduka ya vipuri, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, na wanaoifahamu huielekeza kwa kazi inayofanyika ndani yake: ukimwulizia fundi wa malori madogo, utafikishwa. Fundi huyo na vijana wawili anaowafundisha hutengeneza kwa mikono malori, mabasi na magari mengine ya mfano, wakitumia bodi za plastiki zile zile wanazotumia mafundi wa mabango, pamoja na bati, waya, mbao na raba. Hupokea pia kazi za marekebisho kutoka kwa sisi tunaounga seti za kiwandani, yaani magari ya mfano yanayouzwa katika vipande vya kubandika, na tunaotaka magari yetu yafanane na yale tunayoyaona barabarani kila siku. Mimi niliagiza kwao Scania 113H ya ekseli tatu, yenye semitela lililobeba mbao, kwa skeli 1/24, yaani kila kipimo ni sehemu moja ya 24 ya gari halisi. Nimekaa na gari hilo kiangazi na masika, na kwa Mbeya huo ndio muda wa chini kabisa kabla mtu hajatoa maoni juu ya rangi yoyote iliyopulizwa.

Maoni yangu, kwa wale wanaotaka kuyajua mapema, ni haya: kwa umbo la gari, kwa mkao wake na kwa mzigo wake, karakana hii inafanya kazi ya kiwango ambacho sijakiona kwingine kwa bei inayokaribia yao; lakini kwa rangi na matairi, mteja anapaswa kusimamia kwa karibu na kueleza anachotaka kabla ya kazi kuanza. Nimeridhika kiasi kwamba oda yangu ya pili iko mezani kwao sasa.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mtu aende Mwanjelwa wakati seti nzuri za malori zinatengenezwa viwandani. Kwa malori ya skeli 1/24, kampuni inayotajwa mara nyingi zaidi ni Italeri ya Italia, na katika orodha ya seti zake imewahi kuwemo Scania 143M Topline, ambayo nimeiunga na ninaipenda. Hata hivyo, gari hilo ni kichwa cha ekseli mbili chenye paa la juu na injini ya V8 ya lita 14, lililokusudiwa safari ndefu za barabara kuu za Ulaya. Gari ambalo wengi wetu tulikua tukiliona likipanda mlima Iwambi au likinguruma taratibu kwenye kona za Kitonga ni 113, ndugu yake mwenye injini ya lita 11 yenye silinda sita katika mstari mmoja. Namba zenyewe zinasimulia: 11 ni ujazo wa injini kwa lita, 3 ni mfululizo wa tatu ulioanza mwaka 1987, na herufi H ni daraja la chesisi ya kazi nzito. Anayetaka 113H ya magurudumu kumi, yenye usukani wa kulia, ngao ya mabomba mbele na tela la nyanda za juu kusini nyuma, ana njia mbili tu: aikatekate seti ya Ulaya na kuijenga upya, au ampate mtu anayeweza kuijenga kutoka kwenye bodi tupu.

Fundi huyu anaweza, na sababu yake nadhani ni kwamba aliwahi kuwa tandiboi kwenye malori ya Tunduma kabla ya kukaa mezani na kisu. Nilipompelekea picha za gari nililolitaka, hakuanza kwa kuzungumzia bei. Aliuliza kama tela ni la springi au la upepo, mitungi ya upepo inakaa upande gani wa chesisi, tairi la akiba linafungwa wapi, kisha akauliza jambo ambalo sijawahi kuulizwa na muuzaji yeyote wa magari ya mfano: gari liwe limebeba au liwe tupu?

Nilimwambia kwamba mzigo nitaamua baadaye, kwa kuwa unaweza kuwekwa na kuondolewa. Akakataa kwa upole.

"Kaka, gari lililobeba halikai kama gari tupu," alisema. "Springi zinalala. Ukiniambia niweke mbao juu ya tela lililonyooka, dereva yeyote akiliona atajua hilo gari ni la uongo."

Hapo ndipo nilipoamua kumpa kazi. Springi za majani za tela tupu hupinda kama upinde, na zikibeba tani zake hulala karibu kunyooka, pengo kati ya tairi na sakafu ya tela likapungua. Ni tofauti ya milimita chache kwenye skeli hii, na seti nyingi za kiwandani humpa mjenzi mkao mmoja tu, ule wa gari lililotoka kiwandani. Fundi alikata kila jani la springi peke yake kutoka kwenye ukanda mwembamba wa bati, akayapanga kwa urefu unaopungua, akayafunga katikati kwa waya uliozungushwa, na akayakunja kulingana na uzito uliokusudiwa. Ukilala chini na kuangalia kwa tochi utayahesabu majani hayo. Sina hakika kama wateja wengi watalala chini kuangalia, lakini mimi nimefanya hivyo zaidi ya mara moja, na kila mara nimefurahi.

Kabini ni sehemu ambayo nilikuwa na wasiwasi nayo zaidi. Umbo lake lilichorwa na Mwitaliano Giorgetto Giugiaro kwa ajili ya mfululizo wa 2 uliotangulia, na mfululizo wa 3 ukalirithi kwa mabadiliko madogo. Ni umbo la pande zilizonyooka na pembe zilizokunjwa kidogo tu, kwa hiyo kwa anayejenga kwa bodi bapa ni rehema, maana asilimia kubwa ya kabini inaweza kukatwa kwa rula ya chuma na kisu. Ugumu uko kwenye ile mikunjo midogo. Ukiizidisha, Scania inageuka kuwa basi. Ukiipunguza, inakuwa kasha. Fundi ameipata. Amejenga pembe kwa kubandika tabaka za bodi nyembamba, akazijaza bodifila ile ya gereji, kisha akazisugua kwa msasa akipanda kutoka namba 400 hadi 1000, akipima upande mmoja kwa kipande cha karatasi ngumu alichokikata kwa umbo la upande mwingine. Upana wa lori halisi ni karibu mita 2.5, ambao kwa skeli 1/24 ni milimita 104. Nilipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia milimita, na kabini yangu ina milimita 104 chini na 103 juu, tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona.

Shoo ya mbele, yaani uso wa kabini wenye mistari ya kupitisha hewa, haifikii ile ya seti ya kiwandani, na sioni namna ambavyo ingeweza kufikia. Plastiki ya kiwandani hupigwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma iliyochongwa kwa mashine, kwa hiyo kila mstari unatoka sawa na mwenzake. Fundi hujenga shoo kwa vijipande vilivyobandikwa kimoja kimoja. Kwenye gari langu mstari wa pili kutoka chini umeinama kidogo kuelekea upande wa dereva. Nauona kwa sababu nautafuta. Vipande vya pembeni, yaani vitasa, waipa, ngazi za kupandia na mikono ya saitimira, vimetengenezwa kwa waya wa shaba uliogongwa ukawa bapa, na hivyo ni vyembamba na imara kuliko vile vya plastiki, ambavyo kila anayeunga seti anajua jinsi vinavyokatika wakati wa kuvitoa kwenye fremu yake.

Vioo vya madirisha ni plastiki angavu iliyokatwa vizuri, lakini kimoja, cha mlango wa kushoto, kilikuja na weupe kwenye kona. Hiyo ni kazi ya supaglu. Gundi ile inapokauka hutoa mvuke, na mvuke huo ukinaswa ndani ya chumba kilichofungwa kama kabini huganda juu ya plastiki angavu na kuacha utando. Dawa yake ni rahisi: vioo vibandikwe mwisho, na kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka huwa angavu na haina mvuke wa namna hiyo. Nilimweleza fundi, akabadilisha kioo bila malipo, na kwenye kazi nyingine nilizoziona mezani kwake baadaye tayari alikuwa anatumia gundi nyeupe. Mtu anayesikia na kubadilika ni wa kutegemewa.

Sasa matairi. Gari hili lina matairi 22: mawili mbele, manane ya nyuma ya kichwa, na kumi na mawili ya tela, yote ya nyuma yakiwa pacha. Fundi huyachonga kutoka kwenye raba ya ndala, akikata duara, akiliweka kwenye drili inayozunguka na kulisugua kwa msasa hadi liwe na mabega na kifua cha tairi, kisha akichora kashata kwa ncha ya moto. Ni njia ya kistadi na raba yake ina weusi uliofifia unaofanana kabisa na tairi lililotembea. Tatizo ni ukubwa. Tairi la 315/80R22.5, ambalo limeenea kwenye malori mazito, lina kipenyo cha karibu mita 1.08, na kwa skeli 1/24 linapaswa kuwa na milimita 45. Niliyoletewa mara ya kwanza yalikuwa na milimita 50, sawa na tairi halisi la mita 1.2, na lori zima lilionekana kama limeazima matairi ya mashine ya kulimia barabara. Kazi yote nzuri ya springi ilikuwa inapotea, kwa sababu pengo lililopunguzwa kwa uangalifu lilijazwa na raba.

Fundi hakubishana baada ya kuona kalipa. Aliyarudia yote, na seti ya pili ilikuja na milimita 45 hadi 46, ambayo ni nzuri sana kwa raba iliyochongwa kwa mkono. Hata hivyo muda ulisogea, na kama ningekuwa na haraka ningekasirika. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeagiza ni kwamba aandike kipenyo cha tairi kwa milimita kwenye karatasi ya oda, juu kabisa, kabla ya rangi na kabla ya maandishi. Fundi huyu hupima kabini na chesisi kwa rula, lakini matairi huyapima kwa jicho.

Nimeacha tela na mzigo wake hadi hapa kwa sababu ndiyo sehemu inayostahili maneno mengi. Niliomba tela bapa la aina inayobeba mbao kutoka Mafinga, kwenye misitu ya Sao Hill, kwenda Dar es Salaam. Sakafu ina urefu wa sentimita 52, sawa na mita 12.5 za tela halisi, na boriti mbili kuu za chini zimekatwa kwa umbo lile la shingo nyembamba mbele na tumbo pana nyuma, zikiwa na matundu na mbavu za kuimarisha. Miguu ya tela inakunjika. Paipu za upepo kati ya kichwa na tela ni mbili, nyekundu na njano, zilizotengenezwa kwa ganda la waya wa umeme lililozungushwa kwenye msumari na kupashwa moto ili libaki na mzunguko wake, na zimeachwa na ulegevu unaotosha kichwa kukata kona. Raba za kuzuia tope nyuma zimepinda kidogo kwenye ncha, kama zinavyopinda kweli baada ya kurudi nyuma kwenye kifusi.

Kuhusu mbao, fundi alinionyesha hesabu moja ambayo sitaisahau, na ambayo kila anayejenga kwa skeli 1/24 anapaswa kuijua. Inchi moja ni milimita 25.4, ukiigawa kwa 24 unapata milimita 1.06. Kwa maneno mengine, kwenye skeli hii inchi ya gari halisi ni milimita moja ya gari la mfano, kwa tofauti ambayo kisu hakiwezi kuifuata. Biashara ya mbao katika nyanda zetu huzungumzwa kwa inchi na futi: mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa nane, futi kumi na mbili. Kwa hiyo fundi husikiliza oda ya mbao kama anavyoisikiliza muuzaji wa Mafinga, kisha hukata kwa namba zile zile akibadilisha inchi kuwa milimita. Mbao yangu ya mbili kwa sita ni milimita mbili kwa sita, na futi zake kumi na mbili ni sentimita 15 na kidogo. Zimepangwa kwa safu tatu kutoka mbele hadi nyuma ya tela, tabaka juu ya tabaka, ncha zikipishana kidogo kama zinavyopishana mbao zilizopakiwa na watu.

Si zote ni mbao. Mzigo uliojaa kwa vipimo hivi ungehitaji vipande karibu elfu mbili, na hakuna mteja angeweza kulipa kazi hiyo, kwa hiyo ndani kuna kasha jepesi la boksi na mbao zinazoonekana zimepangwa kulizunguka. Fundi alinieleza hivyo mwenyewe kabla ya kuanza, na hakuna pahala ambapo kasha linaonekana. Jambo jingine alilonifafanulia ni kwamba hakutumia msindano wa kweli, ingawa upo kila mahali hapa, kwa sababu mistari ya ukuaji wake ni mipana mno. Kwenye mbao ya milimita sita unaona mstari mmoja au miwili, na jicho linakataa kuamini kwamba hiyo ni mbao ya inchi sita. Alitumia mti laini wa makasha ya matunda, wenye nyuzi za karibu karibu, akaupaka maji ya majani ya chai yaliyochemshwa ili kupata ule umanjano wa msindano uliokaa juani wiki moja au mbili. Ncha za mbao zimewekwa alama za rangi nyekundu, kama wafanyabiashara wanavyoweka alama za mali yao. Kamba za kufungia ni uzi wa pamba uliovutwa kwenye nta ya mshumaa ili manyoya yake yalale, kwani uzi usiopakwa nta huonekana kama mkia wa paka kwenye skeli hii. Fundo la mwisho, upande wa kushoto nyuma, limefungwa kama utingo anavyolifunga, kwa kitanzi kinachofunguka ukivuta ncha moja. Nimelifungua na kulifunga tena.

Kwa sehemu hii ya kazi sina lawama hata moja, na sijawahi kuona mzigo wa mbao uliofanywa vizuri namna hii kwenye gari la mfano, la hapa au la nje, katika picha zote nilizowahi kuzitazama.

Rangi ni habari nyingine. Karakana hutumia rangi ya magari inayobaki kwenye makopo ya gereji za jirani, na faida yake ni kwamba bluu ya kabini yangu ni bluu iliyowahi kukaa kwenye gari la kweli. Kuna hasara mbili. Ya kwanza ni unene. Rangi ya gari halisi, pamoja na praima na kliakoti, ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Juu ya lori halisi huo si kitu; juu ya lori la 1/24 ni sawa na kupaka plasta ya milimita 2.4. Pengo la mlango, ambalo kwenye skeli hii ni chini ya nusu milimita, hufunikwa nusu na tabaka mbili zilizopulizwa kwa bomba la gereji, na ndivyo ilivyotokea kwenye mlango wa kulia wa kabini yangu, ambao mstari wake uliochongwa kwa ustadi sasa unaonekana kama kovu lililopona. Rangi za wapenzi wa magari ya mfano, kama zile za Tamiya ya Japani, zimesagwa laini zaidi na hupulizwa kwa tabaka nyembamba sana kwa eabrashi, bomba dogo la kupulizia rangi. Karakana haina eabrashi, na hili ndilo jambo moja ambalo likirekebishwa lingeipandisha daraja zima.

Hasara ya pili inatokana na hewa yetu. Mbeya iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na kuanzia Novemba hadi Aprili hewa imejaa unyevu. Tina inapopaa kutoka kwenye rangi inayokauka, huondoka na joto. Uso wa rangi hupoa kuliko hewa inayouzunguka, na unyevu huganda juu yake kabla haijakauka. Matokeo ni ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa. Paa la kabini yangu lilipulizwa katika juma la mvua na lilikuwa na ukungu huo. Fundi alilipulizia tina inayokauka polepole siku ya jua, ikalainisha uso na ukungu ukatoka, lakini kona moja ya nyuma bado ina weupe hafifu juu ya ile bluu iliyokoza. Mwezi wa Juni na Julai unyevu hupungua lakini baridi ya asubuhi huifanya rangi ichelewe kukauka na kudaka vumbi. Majira mazuri ya rangi hapa ni kuanzia Agosti hadi Oktoba, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Mtu aliye Iringa au Njombe anayejipulizia mwenyewe atakuta mambo yale yale. Katika miezi mingine, kuipasha kabini joto kidogo chini ya balbu kabla ya kupuliza, na kuiingiza ndani ya boksi safi lenye balbu mara baada ya kupuliza, husaidia sana. Nimelipendekeza hilo karakanani na vijana wameanza kulifanya.

Maandishi yamenifurahisha. Namba za usajili, nyeupe zenye herufi nyeusi kama ilivyo kwa magari ya biashara, zimeandikwa kwa brashi yenye nywele chache, na herufi zina milimita tatu za urefu bila kutetemeka. Kijana mdogo kati ya wale wawili ndiye anayeandika. Vumbi la chini ya chesisi limefanywa kwa chaki iliyosagwa na kupakwa kavu, kwa kiasi, likiwa zito nyuma ya matairi na jepesi kadiri linavyopanda. Niliomba lisizidi hapo, nao wakasikiliza, ingawa niliona kwamba ladha ya karakana yenyewe ni gari safi linalong'aa, kama lilivyo siku ya kukabidhiwa kwa tajiri.

Niliwapa pia kazi ndogo ya kuhamisha usukani kwenye seti moja ya Ulaya niliyokuwa nimeinunua, iliyokuwa na usukani wa kushoto. Walikata dashibodi katikati, wakageuza nafasi ya vipande, wakajaza maungio, na wakahamisha pedali pamoja na waipa, ambazo pia hulala kuelekea upande tofauti kwenye gari la usukani wa kulia. Hilo la waipa sikulitaja kwenye oda. Wao wenyewe walikumbuka. Kazi ilikuwa safi.

Bei ya Scania pamoja na tela na mzigo ilikuwa shilingi 260,000, nusu ikilipwa wakati wa kuagiza. Kwa kazi ya mikono yenye matairi 22 na springi zilizokatwa jani kwa jani, naiona ni bei ya haki, na ningekubali kulipa zaidi kama rangi ingepulizwa kwa eabrashi. Kazi ilichelewa kidogo kupita muda tuliokubaliana, hasa kwa sababu ya matairi. Wanaoishi nje ya Mbeya hutumiwa mzigo kwa basi, ukiwa ndani ya boksi lenye vipande vya godoro. Niliona boksi moja likifungwa kwenda Iringa na ufungaji ulikuwa wa uangalifu, isipokuwa saitimira zilikuwa zimeachwa kwenye kabini. Ombeni zifungwe kando na mzibandike wenyewe, kwa sababu mikono yake ya waya itahimili safari lakini gundi haitahimili.

Oda yangu ya pili ni tela la kubebea kontena la futi 40, ambalo kwa skeli hii kontena lake lina urefu wa sentimita 51 hivi, upana wa sentimita 10 na kimo cha karibu sentimita 11. Nimeandika vipenyo vya matairi kwenye mstari wa kwanza wa karatasi, na nimeomba rangi isubiri hadi Agosti. Anayetaka kuagiza aende na picha tatu angalau, ya ubavu, ya mbele na ya chini ya chesisi kama anaweza kuipata, aseme skeli anayotaka, na aamue kabla ya kufika kama gari lake limebeba au ni tupu, kwa kuwa ataulizwa. Karakana hufunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi, na fundi mwenyewe hupatikana kwa uhakika zaidi kabla ya saa saba mchana.